Ngazi Tatu za Mimbari

Pruitt's Fork, Alabama
Jumatatu, 27 Aprili

Dada yangu Nelda,

Natangaza rasmi, mbele yako na mbele ya yeyote utakayemsomea barua hii, kwamba Kanisa la Kibaptisti la Pruitt's Fork, baada ya vikao viwili, hoja tatu na mfungo wa mtu mmoja (Bi Eula, ambaye hata hivyo alikuwa ameambiwa asile kwa sababu ya vipimo vya sukari), limeazimia kukitia kufuli kile kidude cha ukutani cha kurekebisha baridi na joto. Funguo ziko tatu. Mimi ninao mmoja. Sijawahi kuwa mtu mkubwa kiasi hiki tangu nizaliwe.

Baada ya tangazo hilo, pokea salamu. U hali gani huko Ohio? Goti limekubali ngazi, au bado unalala chumba cha chini? Mimi huku ni mzima, kwa kadiri mtu wa miaka sabini na moja anavyoweza kuwa mzima: kinachouma leo si kile kilichouma jana, na hiyo ndiyo nafuu yenyewe. Miti ya mbele ya nyumba ya Mama imechanua, na vumbi la misonobari limeyapaka magari yote rangi ya njano. Kaburi la Jewel wangu nimelifyekea majani juzi. Nyanya nimezipanda mapema mno, kama kila mwaka, na baridi imeziua, kama kila mwaka.

Uliponiuliza kwenye simu kuna nini kanisani, nilikujibu hakuna kitu. Nilisema uongo kwa sababu nilikuwa nimesimama, na habari yenyewe inahitaji kiti.

Corliss Tidwell utamkumbuka, binti wa mwisho wa wale waliokuwa na kiwanda cha kupasua mbao. Sasa ni mjane wa miaka hamsini na minane. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mratibu wa huduma hapa kwetu, cheo ambacho maana yake ni kufanya kila kitu isipokuwa kile kinachoonekana. Hufundisha watoto, hupelekea wagonjwa chakula, hukaa na wanaokufa. Jewel alipokuwa anaondoka, Corliss alikaa naye siku kumi na moja, akimpaka maji midomoni na kumwimbia sauti ya pili ya nyimbo ambazo mimi sikuweza kuimba hata ya kwanza.

Mwezi wa pili mchungaji wetu, Ndugu Landon, alipasuliwa kibofu cha nyongo. Akatuachia Jumapili tatu na hakuna wa kusimama. Tukamwomba Corliss. Lakini wewe unatujua. Tulimwekea stendi ya noti za muziki chini, usawa wa mabenchi, na kipaza sauti chake kidogo cha betri. Kwa sheria yetu ambayo haijaandikwa popote, mwanamke akisimama chini anatoa ushuhuda; akipanda zile ngazi tatu hadi kwenye mimbari, anahubiri. Jumapili mbili za kwanza alitoa ushuhuda, na Mungu na mashemasi wote wakaridhika.

Jumapili ya tatu betri ilikufa. Akajaribu kupaza sauti, wa nyuma wakawa wanatazamana. Ndipo Bi Eula, ambaye ana miaka tisini na moja na haogopi tena kitu chochote chenye miguu, akapiga kelele kutoka benchi lake, "Panda juu, mwanangu! Hatukusikii, na mimi sikuja hapa kuangalia midomo!" Kipaza sauti cha mimbarini kina waya, hakifi. Corliss alinitazama mimi, maana ndimi ninayekaa kwenye meza ya sauti. Nikamwashia. Akapanda.

Alisema juu ya Hajiri kule jangwani. Ilikuwa mahubiri, dada, tusidanganyane. Dakika ishirini na mbili, na sikuona mtu akiangalia saa. Ibada zetu hurushwa mtandaoni kwa ajili ya wagonjwa walio majumbani. Wagonjwa wetu ni tisa. Hiyo ilitazamwa na watu mia sita.

Sasa nikupe habari za Purvis Gaddy, muuza matrekta, shemasi. Anagombea udiwani wa kaunti. Chama huku ni kimoja tu. Kura za maoni za mwezi wa tano ndizo uchaguzi, na Novemba ni sherehe. Wagombea wako watatu, na wote wanapinga mambo yaleyale kwa maneno yaleyale, na mabango yao yana bendera ileile. Purvis alihitaji kitu ambacho wenzake hawana. Kwenye darasa la wanaume Jumapili akasimama na Biblia kwapani, akasema hivi ndivyo nchi ilivyoharibika, kidogo kidogo. "Leo wamepanda ngazi tatu. Kesho watapanda mpaka wapi?"

Mzee mmoja nyuma akamjibu, "Mpaka darini, Purvis. Huko kunavuja tangu mwaka juzi, na ulisema utakuja kuziba."

Watu wakacheka, nikadhani yameisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Mtu alipeleka ile video ya Corliss kwa Umoja wa Makanisa wa kaunti, na Umoja ukatuandikia barua ya upole sana, ya aina ile inayokufanya uketi: ama kanisa litamke kwamba Bi Tidwell haongozi ibada wala hahesabiwi miongoni mwa wahudumu, ama litatolewa katika ushirika.

Barua hiyo ilifika wiki moja baada ya Purvis kumleta kanisani mama mmoja anayegombea kiti cha bunge la jimbo. Mama huyo alipanda ngazi zote tatu, akashika mimbari kwa mikono miwili, akasema dakika ishirini na tano, akasoma Zaburi, akafunga kwa sala. Wanaume waliitikia amina mpaka vioo vikatetemeka. Nilimfuata Purvis kwenye meza ya chakula akiwa anachagua mayai, nikamwuliza hilo limekaaje.

"Yule hakuhubiri, Hoyt. Yule alihutubia."

Nikamwuliza, na ile sala? Akasema aliombea nchi. Na Corliss je? Akasema, "Corliss alifundisha wanaume." Nikamhakikishia kwamba nilikuwepo, na kwa nilivyowaona wanaume wenyewe, hakuna aliyejifunza kitu. Hakucheka. Purvis zamani alikuwa anacheka, siasa imemkausha.

Ndugu Landon alirudi kazini akiwa mwembamba, na akawa upande wa kila mtu. Ana miaka thelathini na minne na watoto wawili, simlaumu. Alisema sisi ni Wabaptisti, hatuna askofu, kanisa lipige kura. Watu waliokuwa wakipeana lifti za kwenda hospitali wakaanza kukaa pande mbili za kanisa. Nilichoka, dada. Si kuchoka kwa kazi. Ni kule kuchoka kwa mtu anayesikiliza ugomvi ambao anajua kila neno litakalofuata.

Alhamisi iliyopita Corliss alipita nyumbani na bakuli la maharage. Hakuomba kitu. Alisimama jikoni, akasema tu kwamba hajui aende wapi wakimkataa, maana huku ndiko alikobatizwa. Nikamwambia, "Kura yangu unayo." Akanishika mkono, akaenda zake.

Kura ilikuwa jana baada ya ibada. Anayejadiliwa hutoka nje, kwa hiyo Corliss alikwenda kukaa chumba cha watoto, kwenye vile viti vidogo. Hoja ilikuwa kwamba asiongoze ibada tena na asiitwe mhudumu. Purvis aliitoa, akaongea kirefu juu ya Paulo na kirefu zaidi juu ya nchi. Bi Eula akasimama kwa fimbo yake. "Mimi ndiye niliyemwambia apande. Mnifukuze mimi kwanza."

"Bi Eula, hakuna anayekufukuza," Purvis akamwambia.

"Unaogopa nini? Matrekta yako mimi sinunui!"

Nami nilisimama. Nilisema Corliss alikaa na mke wangu siku kumi na moja, nikakaa. Harufu ya kuku wa kukaanga ilikuwa inapanda kutoka ukumbi wa chini, na nadhani hiyo ndiyo iliyofunga mjadala. Tukaandika kwenye vikaratasi. Mimi ni katibu, nikahesabu pamoja na shemasi mwingine, mara mbili. Arobaini na wanne walikubali hoja, arobaini na watatu walikataa. Kisha tukashuka kula.

Corliss alinifuata nikiwa na sahani mkononi. Akasema, "Asante, Hoyt. Wewe najua uliandika nini."

Nelda, hajui.

Mwaka wa 1973 ulipokwenda mbele wakati wa wimbo wa mwaliko na kusema Mungu amekuita kuhubiri, mchungaji wa wakati ule alitutangazia kwamba umejitoa kwenda umisionari, kwa kuwa hicho ndicho walichokuwa wanawaandikia wasichana. Wewe ukasema hapana, nimesema kuhubiri. Ukaomba barua ya kanisa ya kukupeleka chuo cha theolojia. Walikutoa nje wakapiga kura kwa mikono. Jioni ile ukaniuliza, nikakwambia sikuinua mkono. Kitabu cha mihtasari ninacho mimi sasa. Kimeandikwa "ilikataliwa kwa kauli moja". Kauli moja, dada, maana yake na mimi nimo. Nilikaa kati ya Baba na Mama, na mkono wangu ulipanda na yao.

Jana nilishika kalamu nikiwa na nia ya kuandika Hapana. Nikajiuliza: kama Corliss anaruhusiwa leo, wewe tulikukatalia nini? Miaka hamsini na mitatu. Krismasi zote ulizokaa huko kwa Wamethodisti wako. Mazishi ya Mama, wewe ukiwa mchungaji wa watu mia nne, umekaa benchi la tatu kama mgeni, na mtu asiyemjua Mama vizuri akimwombea. Yote hayo yangekuwa bure, na ningekuwa nimeinua mkono kwa ajili ya kitu ambacho kinaondolewa kwa kikaratasi kabla ya chakula cha mchana. Nikaona afadhali tuwe tumekosea mara mbili kwa msimamo kuliko kukiri tulikosea ile mara moja. Nikaandika Ndiyo. Sikuwa na hasira na mtu. Nilikuwa nimechoka, na mtu akichoka, toba nayo huwa kazi.

Nimekukosea wewe, nimemkosea Corliss. Naomba radhi kwako kwanza, kwa kuwa deni lako ni la zamani zaidi. Yeye nitamwambia mwenyewe, nikipata mahali pa kutazama wakati nasema.

Nisalimie watoto wako na wajukuu, na yule jirani yako anayekuletea magazeti. Usipande ngazi kwa haraka. Ukitaka kuniandikia, nitashukuru. Usipotaka, nitaelewa, na nitakupigia siku ya kuzaliwa kwako kama kawaida, uamue mwenyewe kupokea.

Ni mimi mdogo wako,
Hoyt

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Corliss amepita sasa hivi kunikabidhi barua yake ya kuacha kazi, niiingize kwenye kumbukumbu. Amepata kazi ya kuwahudumia wagonjwa kiroho katika hospitali moja huko Birmingham. Nimeangalia tarehe. Aliiandika siku kumi na mbili kabla ya kura, kabla hata ya lile bakuli la maharage.