Birika Lako Limefika Juba

Shikamoo Baba,

Mvua imenyesha tangu alfajiri, na birika lako la kahawa ulilonipa liko jikoni. Wiki nzima limenipa tope tu, maana nilitwanga kahawa na tangawizi hadi zikawa unga, zikapenya matundu ya kichujio. Jirani yangu, Mama Keji, alicheka: "Wacha ikuwe kubwa kubwa, kama mchanga ya mto. Punguza moto, halafu nyamaza, sikiza."

Leo nikanyamaza. Maji yakapanda taratibu kwenye bomba la katikati, yakagonga kioo cha kifuniko, tok, tok, nisijue ni birika au mvua kwenye bati.

Baba, miaka yote nilidhani asubuhi, kando ya birika hili, ulikuwa umenuna. Kumbe ulikuwa unasikiliza. Mungu akuzidishie asubuhi kama hizo.

Binti yako,
Neema