Simsim Nyumbani Mwetu

Mkomani, Amu
Rajabu 1374

Kwa ndugu yangu mwenye heshima, Bwana Ridhwani bin Mahmud, Tanga.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai waraka huu utakukuta na afya njema, wewe na Bi wa nyumba yako na watoto, ambao majina yao nayajua lakini nyuso zao sijajaaliwa kuziona. Ukiuliza hali zetu, tu wazima kwa uwezo wa Mola, ila uzima wetu ni wa watu waliochoka. Mama yangu, Bi Khairiya, magoti yanamsumbua na ngazi za nyumba hii hazimhurumii. Mume wangu Husseini hajambo, bado yuko na kazi yake forodhani. Mimi nimekonda, na kila anayepita barazani huniuliza kama naumwa. Siumwi. Nimechoka tu, kaka yangu.

Najua utashangaa kuuona mkono wangu. Tangu maziko ya baba, uliposali nasi kisha ukaondoka bila kuingia ndani, hatujapelekeana ila salamu za Idi kwa midomo ya wasafiri. Nakuomba usiukunje waraka huu kabla hujaufikisha mwisho. Nitakwenda polepole, kwa kuwa jambo lenyewe lilitujia polepole.

Tuna mtoto mmoja, Yunusi, na sasa anakimbia na kusema kila kitu. Tangu alipoacha ziwa mwili wake haukutulia. Alikuwa akitoka mabaka mekundu kama aliyepitiwa na upupu, midomo inavimba, macho yanajifunga, na pengine kifua kinapiga mluzi kama mzee mwenye pumu. Kisha hupoa, akacheza, tukasahau. Halafu tena. Nilikuwa nikimlaza nikiweka kiganja kifuani pake nipate kujua kama pumzi ingali inapita, na hivyo ndivyo nilivyojifunza kulala nimekaa.

Mama alisema ni jicho. Tulimvalisha hirizi, tukamsomea, tukamfukizia ubani. Haikupita muda mama akaanza kutaja watu. Nakuandikia ukweli ingawa unaniuma: jina alilolirudia zaidi ni la mama yako, Bi Barka. Alisema mkono uliomchukua Mwanamkisi umepata ndia ya kuingia tena nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa mchanga nilipofiwa na huyo dada yangu, simkumbuki, lakini nimekua nikilisikia neno hilo: kwamba Bi Barka, mke mwenza, alimtilia sumu mtoto wa mwenzake siku ya Idi, na baba akampa talaka yake akarudi kwao Matondoni pamoja nawe. Nilikuwa nikilisikia kama watu wanavyosikia bahari, bila kuuliza.

Siku moja mama alileta mafuta ya kusomewa. Mtu aliyeyasomea ni mchaji Mungu na maneno aliyoyasoma ni maneno matukufu, hayo sina shaka nayo. Tulimpaka Yunusi mwili mzima na kumlambisha kidogo. Hata kikombe cha kahawa hakijapoa, mtoto alikuwa amevimba uso hata simjui, anajikuna ulimi kwa kucha, na sauti imemkauka. Mama alisema shetani anapigana kabla ya kutoka. Husseini alimtupa mtoto begani akateremka mbio mpaka hospitali, nami nyuma yake na buibui langu nimelishika mkononi.

Mola alimleta daktari wa serikali aliyekuwa amefika Amu kwa ziara. Alimpiga sindano, na baadaye mtoto akalia kwa sauti. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile. Daktari alituambia kwamba ipo miili inayokiona chakula chema kama mwizi aliyevunja mlango, ikaamka yote kupigana naye. Si sumu, wala si uchafu, na wengine wote watakula chakula hicho kisiwadhuru. Nikamuuliza ni chakula gani. Akasema hajui, kwani kinaweza kuwa yai, samaki, maziwa, njugu, mbegu yoyote, na mwenye jiko ni mimi. Nimpe mtoto vyakula vichache visivyochanganywa, kisha niongeze kimoja kimoja na kumtazama. Na nikishakijua, nisithubutu kumwonjesha tena hata chembe.

Basi nikaanza. Wali mtupu na ndizi za kuchemsha. Mabaka yakaisha. Nikaongeza samaki wa chumvi na maji, hakudhurika. Nikaongeza tui, yai, maziwa, kila kimoja kwa siku zake. Mama aliniambia namtesa mjukuu wake kwa njaa, na majirani walisema nimepata wazimu wa kizungu. Kisha jirani mmoja mwenye huruma alimpa Yunusi kipande cha mkate wa mofa kutoka mkononi mwake, nami nikamfikia amekwisha kutafuna. Midomo ilianza kuvimba palepale. Unga nilikuwa nimekwisha kumjaribia. Nikauchukua mkate nikautazama, na juu yake zimenyunyizwa mbegu za simsim, ndogo kuliko chawa.

Ndipo nilipoyakumbuka yale mafuta ya kusomewa. Yalikuwa uto wa simsim.

Kaka, umezaliwa mji huu, huhitaji kuambiwa. Ngamia wanazunguka vinuni kushindika simsim tangu babu zetu. Uto ndio tunaokaangia samaki, ndio tunaotilia mboga, ndio tunaowakandia wanawake waliojifungua. Halwa hunyunyiziwa simsim juu, kashata ni simsim na sukari. Niliutoa uto wote nyumbani, nikasugua vyungu kwa majivu, na kikaango cha zamani nikakigawa. Nikaona nimemaliza.

Sikumaliza. Yunusi aliendelea kuvimba, safari hii kidogo kidogo, na mimi nikipika kwa mafuta ya nazi matupu. Nilikwenda mwenyewe dukani kwa Bwana Gharib, jambo ambalo mama hakulipenda, nikamuuliza kama mafuta yake ya nazi ni ya nazi kweli. Alikasirika. Alisema duka hili ni la baba yake na hakuna aliyewahi kuchanganyiwa mafuta humo. Nikamwambia simtuhumu, nina mtoto mgonjwa, na nikasimama pale nikamtazama akimhudumia mteja mwingine. Alichota uto kwa kata, akaining'iniza. Kisha akaja mwingine kutaka mafuta ya nazi, naye akachota kwa kata ile ile. Nikamwonyesha. Aliitazama ile kata, akasema kwa upole kwamba hilo halijampitia akilini maisha yake. Siku hizi nazikuna nazi na kuyapika mafuta yangu mwenyewe. Mikono yangu ungeiona ungenihurumia.

Lililobaki ndilo lililonivunja. Shavu moja la Yunusi liliwaka kila asubuhi, lile la kulia tu. Nilifua mito, nikabadilisha mkeka, nikatazama sabuni. Siku moja Husseini aliniambia kwamba mtoto hulala shavu hilo likiwa shingoni mwangu, chini ya nywele. Nami nywele zangu nazipaka mafuta ya asmini, kama mama na bibi yangu. Maua hulowekwa katika nini, kaka? Katika uto wa simsim. Nimetafuta adui nyumba nzima, kumbe namlaza mtoto juu yake. Nikaziosha nywele na chupa nikaitoa. Sasa kila anayembeba lazima nimnuse kwanza kama paka, na wapo waliochukia wakaacha kuja.

Haya yote nilikuwa nikimweleza jirani, mama akiwa amekaa kando anachambua mchele. Nilisema jinsi Yunusi anavyojikuna ulimi kwanza, kabla ya uvimbe. Mama akaacha ungo. Akaniuliza, kama mtu anayeogopa jibu, kama masikio nayo humwasha. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama maradhi hayo yaweza kumziba mtu koo mpaka afe. Nikamwambia daktari alisema yaweza. Aliuvuta ungo tena, akachambua mpaka jirani akaaga. Kisha akaniambia, "Mwanamkisi alikuwa akijikuna ulimi."

Ndipo aliponieleza siku ile ya Idi kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Mwanamkisi alikuwa tangu uchanga akitoka mabaka na kuvimba midomo, nao wakisema ni joto. Mama hakupenda mtoto wake ale jikoni kwa mke mwenzake. Siku ile mtoto alitoka upande wa Bi Barka akijikuna ulimi, amevimba, na kabla ya alasiri alikuwa maiti. Mkononi mlikuwa na kipande cha kashata ya simsim. Baba aliuliza nani kampa, na Bi Barka akajibu, "Mimi." Nyote mlikula kashata za sinia ile, wewe, mama yako, hata baba, na hakuna aliyedhurika. Kwa hiyo walisema kipande cha Mwanamkisi kilitiwa kitu.

Mama hakungoja nimshauri. Siku ya pili alitaka punda, na magoti yake yale, tukaenda Matondoni, mimi na yeye na Yunusi, na chakula cha mtoto nimekifunga katika kitambaa. Tulimkuta mama yako uani akisuka ukili. Alitujua. Alisimama, akatukaribisha mkekani. Yunusi aliomba maji, na Bi Barka hakumpa mpaka aliponitazama na mimi nikaitikia kwa kichwa. Mama aliliona hilo. Nadhani lilimwuma kuliko jambo lolote ambalo angeambiwa.

Mama alisema, "Ndia ya kuja kwako ni fupi, Barka, lakini mimi imenichukua umri." Akamweleza yote, bila kujitetea. Mama yako alisikiliza, vidole vyake vikiendelea kusuka. Mwisho alisema kuwa humsamehe kila Ramadhani, lakini kila Ramadhani ikiisha uchungu hurudi, na hawezi kusema kuwa leo umekwisha. Mama akasema hakuja kudai hilo. Wakakaa. Nimewaona wanawake wawili wazee wakilia bila sauti, kila mmoja ametazama upande wake.

Sasa nafika pale nilipokuwa nikipaogopa tangu mstari wa kwanza. Mama yangu alimuuliza Bi Barka kwa nini alimpa mtoto kashata, hali alijua amekatazwa. Bi Barka akasema hakumpa. Ulikuwa wewe, Ridhwani. Uliivunja kashata yako ukampa dada yako nusu, na mama yako alikuona kutoka mlangoni, akatabasamu. Baba alipouliza, Bi Barka alikutazama ukiwa umesimama nyuma ya nguzo, akaona kwamba akisema ni wewe, watasema ulitumwa, nawe utakua na jina hilo mgongoni. Ndiyo maana akasema, "Mimi." Akaichukua talaka, akaichukua sumu, akakushika mkono mkaenda zenu.

Nilimwomba ruhusa ya kukuandikia. Alikataa kwanza. Baadaye, tulipokuwa tunapanda punda, alinishika ukingo wa buibui akasema, "Mwandikie. Huenda anakumbuka. Tangu siku ile hajaonja tena kashata, na mimi sikuthubutu kumuuliza."

Kaka yangu, kama unakumbuka, basi nisikilize mimi niliyemlea Yunusi. Ulimgawia dada yako kitu kitamu siku ya Idi. Ningekuwa mimi ndiye wewe, na Yunusi ndiye yeye, ningefanya vilevile, na mimi nimefanya zaidi, nimempaka na kumlambisha kwa mikono yangu. Hakuna aliyejua. Na watazame watoto wako, kwa kuwa damu ni moja. Akiwepo anayejikuna ulimi baada ya kula, usingoje, na umwambie mkeo atazame mpaka mafuta ya kichwani.

Kalamu naiweka chini, mtoto ananiita. Husseini anakusalimu. Mama yako hajambo na anasema usimtumie nguo, anazo, anataka kukuona. Mama yangu naye anakusalimu. Hajapata kukutumia salamu maishani, na nilipomuuliza niandike nini alifikiri sana, kisha akasema nikuandikie tu kwamba ameuliza kama utakuja.

Wassalamu, ni mimi dada yako,
Swafiya binti Mahmud