Mume Wangu Ananihamishia Pwani na Mimi Nimeyaonja Maji

Mpendwa mshauri, naomba msaada haraka kabla mume wangu hajaiuza nyumba tukiwa ndani. Mimi ni msusi, yeye fundi wa majokofu, na tangu karakana yao ifungwe ameshikwa na homa ya kujiandaa kwa majanga, chini ya kitanda chetu ni magunia ya maharage, kila Jumamosi anapuliza filimbi tukimbilie uani na mabegi, mama mkwe hukimbia na mto wake wa kulalia tu, na sasa mume ameamua tuhamie wilaya moja ya pwani tulime, tufuge, dunia ikiharibika itukute tumeshiba. Tulikwenda kuliona shamba wakati wa kiangazi, na kweli ni pazuri, udongo mweusi, upepo mwanana, bei ya kutupa, yeye akawa anazunguka, hapa banda la kuku, hapa mihogo, huku anapiga mluzi, na sijamsikia akipiga mluzi tangu apoteze kazi. Mimi nikaenda kwa jirani kuomba maji, nikakuta mlango wake unapandiwa kwa ngazi, na ukutani alama ya tope imempita mwanangu kimo, nikauliza, mama wa watu akacheka, "Ah, hiyo ni masika tu, dada. Tunapandisha magodoro darini, yanapita." Maji yenyewe ya kisima yalikuwa ya chumvi, nikayameza hivyo hivyo. Niliporudi mume akauliza, "Vipi mke wangu, umepapenda?" Nikasema, "Pazuri sana." Mshauri, nimenyamaza kama maji ya mtungi hadi leo, mnunuzi wa nyumba anakuja Ijumaa, nikisema nitamvunja moyo, nisiposema tutaogelea. Nifanye nini?

Msusi Mwenye Begi Mlangoni

*

Dada msusi,

Nimecheka kwa mama mkwe na mto wake, kisha nikakasirika. Mumeo amejiandaa kwa kila janga isipokuwa lile ulilomficha wewe. Nakuelewa, mume aliyenuna muda mrefu akianza kupiga mluzi, nani ana roho ya kumnyamazisha? Lakini unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mtoto yumo.

Wala usimwone kichaa. Kutaka shamba na akiba ya chakula ni akili. Kosa lake ni kukagua pwani wakati wa kiangazi, sawa na kumjua mchumba kwa picha ya studio.

Leo akishakula, mwambie ulichokiona na ulichokionja, bila kulia na bila kumcheka. Mnunuzi asubiri. Masika yakiingia, mkapange chumba kwa yule jirani mkae mpaka mvua ikatike, muone maji yanafika wapi, barabara inakatika wapi, mgonjwa anapelekwaje hospitali. Huyo ni fundi, mpe tatizo atalipenda! Atafute kiwanja mwinukoni, mbali na maji ya chumvi, aweke matangi ya kukinga mvua. Akikosa, mfuge kuku hapo hapo uani.

Atanuna, najua. Mwache anune. Bora anune sasa, angali na sebule ya kununia.