Mawe Ndani ya Tuta

Jumapili, 1 Oktoba

Tuta la kuzuia risasi limefika kifuani mwangu. Kwa hesabu yangu lazima lifike mita mbili na nusu. Baba ameicheka karatasi yangu — miaka minne chuoni kusomea udongo, na udongo wenyewe umejaa hapa Montana bure! Lakini ameibandika kwenye friji.

Kila mwaka, Jumapili kabla ya msimu wa kuwinda kulungu, majirani huja kwetu kurekebisha darubini za bunduki zao. Tangu enzi za babu. Zamani walipiga tu kuelekea kilimani. Mwaka huu kuna nyumba nyuma ya kilima, kwa hiyo tuta. Nililitaka mimi. Baba alikubali kwa shingo upande.

Siku hiyohiyo, tarehe 15, saa saba mchana, basi langu linaondoka kituo cha mafuta mjini. Maabara iliyoniajiri imeniahirishia mara mbili siku ya kuanza kazi. Hakuna ya tatu.

Nilikuja Aprili, Baba alipopata kiharusi. Nilikuja kwa wiki mbili.

Jumatano, 4 Oktoba

Beleshi liligonga jiwe. Nikasogea pembeni — jiwe. Upande wa pili — jiwe.

Nilimuuliza Ba'mdogo Einar, ndugu yake Baba, ambaye ndiye aliyeendesha trekta. Akakuna shingo. Ni lile lundo la babu, akasema. Yale mawe tuliyookota shambani kila majira ya kuchipua ili jembe lisivunjike. Vizazi vitatu vya mawe! Mengine niliyabeba mwenyewe nikiwa msichana wa miaka sita, katika ndoo ya maziwa. Wamelisukuma lote pale, wakalifunika udongo wa unene wa kiganja kimoja.

Baba anaona fahari. Kwake ni kama babu mwenyewe amesimama kutulinda.

"Jiwe halipitishi risasi," alisema.

Halipitishi, kweli. Linairusha kokote linakotaka. Nilimweleza mara tatu. Akaomba kahawa.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimevuka kilima. Hatua mia nne na kumi kutoka kwenye tuta hadi dirisha la jiko la Bi. Wilma. Nilizihesabu.

Alistaafu kuendesha basi la shule, akahamia Juni na farasi wake wawili. Nilimweleza yote nikitazama viatu vyangu. Akanimiminia chai. Alisema watu wa huku wamempa pai saba tangu ahamie, na hakuna hata mmoja aliyemwambia habari za bunduki. Kisha akasema:

"Binti, nikipigwa risasi nikiosha vyombo, mwambie baba yako aje amalize vilivyobaki."

Tulicheka. Nilipofika kileleni wakati wa kurudi, niligeuka nikalitafuta dirisha lake.

Jumanne, 10 Oktoba

Jaribio. Nilitundika mashuka ya marehemu Mama juu ya tuta, kwenye miti mirefu. Ba'mdogo aliuliza tunafua au tunapiga bunduki. Akapiga risasi tano, zote katikati ya shabaha, chini kabisa. Si mpigaji mbaya.

Shuka la kushoto lina tundu. Juu, mita moja kutoka kwenye ukingo wa tuta, limechanika kama kwa ukucha. Risasi iliingia chini ikatokea juu. Na mbele yake, kilima, kisha Bi. Wilma.

Nilimpelekea Baba. Akaingiza kidole cha mkono wake wa kushoto, ule mzima, kwenye tundu.

"Nondo wametoboa," akasema.

Alhamisi, 12 Oktoba

Ninachekecha udongo wa tuta. Nimepigilia wavu wa banda la kuku kwenye fremu ya kitanda cha zamani. Udongo huku, mawe kule. Viganja vimechubuka. Mita moja na robo kwa siku! Tuta lina mita kumi na mbili toka mwisho hadi mwisho. Hata mtoto wa shule anaweza kufanya hesabu hiyo.

Baba ananitazama kutoka dirishani. Saa sita aliniletea mkate wenye nyama, akitembea polepole, akidondosha kachumbari. Alisema napendeza nikiwa kazini. Alisema hajaona mtu akilipenda shamba hili namna hii tangu Mama.

Ba'mdogo amesema jambo jioni, bila kujua anasema nini. Kwamba udongo safi wa bwawani ulikuwa karibu zaidi na huko ndiko yeye alikotaka kuuchota. Ni Baba aliyetaka mawe.

Alijua sitaliacha hivyo. Alijua? Au ninamsingizia mgonjwa?

Jumamosi, 14 Oktoba

Theluji nyepesi. Udongo umekaza. Mita tatu na nusu tu ndizo salama.

Nilimwomba aahirishe. Akasema hakuna aliyewahi kuahirisha, hata mwaka alipokufa babu. Nikasema basi, wapige upande wangu, wa kulia tu. Akasema watu ishirini hawawezi kubanana kama kuku kwenye tenga.

"Ungekuwa na wiki nyingine ungemaliza, mama," alisema. Taratibu. Bila hila yoyote usoni. Hilo ndilo linalonitisha.

Begi langu liko mlangoni.

Jumapili, 15 Oktoba

Saa tano na nusu. Ninaandika nikiwa nimekaa juu ya tuta.

Sheria ya kwetu ni moja, na hata walevi huiheshimu: bendera nyekundu ikiwa juu, hakuna anayegusa bunduki. Nimeipandisha. Mlingoti wake nimeushika.

Wote wapo. Magari kumi na moja. Bunduki zimelazwa mezani, wazi, bila risasi, pai zikipoa kando. Kwanza walidhani ninabandika shabaha. Ba'mdogo akaita: mhandisi unataga huko? Wakacheka. Sasa hawacheki. Hakuna anayeondoka pia.

Saa sita kasoro kumi. Mjini ni dakika arobaini. Nikishuka, bendera inashuka nami. Nisiposhuka, basi linakwenda. Nyuma yangu moshi unatoka kwa Bi. Wilma — mweupe, wa mtu anayepika. Mbele yangu kila mtu aliyenijua tangu nazaliwa. Baridi ya mawe inapenya suruali. Huenda nimekalia la ndoo yangu.

Baba ameinuka kwenye kiti. Amesema neno kwa Ba'mdogo, naye ameshika funguo za gari. Sasa anakuja, peke yake, kuvuka uwanja wote, mguu wa kulia ukiburura mfereji kwenye theluji. Hakuna anayemsaidia. Hataki.

Mkono wake mzima umeshika begi langu.

Amefika chini ya tuta. Ameliweka begi juu ya mawe niliyoyatoa, amenyoosha mkono. Hanitazami mimi. Anatazama mlingoti, kiganja wazi, kama mtu aliyekuja kupokea zamu.