Miwa Yetu Haitauzwa Tena Ikiwa Changa

Baba Khasandi, mume wangu,

Salamu nyingi kutoka huku Muscat. Mimi ni mzima, ila magoti yanazilalamikia ngazi za nyumba hii. Kifua cha mama yako kimetulia? Na Khasandi ameacha kuogopa hisabati? Nimeandika kwa kalamu kwa sababu simu yako ikilia, ukoo mzima husikiliza. Barua anakuletea mwenzangu wa Matete anayekuja likizo.

Kazi ni ile ile. Naamka kabla ya wenye nyumba, nalala baada yao, na pasi haipoi. Lakini sikuja kutalii. Mwaka huu wa tatu bado nafikiria kosa letu, na nasema letu: tulimuuzia broka miwa ikiwa kimo cha goti, mikato yote miwili, wa kwanza na wa machipukizi, ili tumlipe wakala wa safari yangu ya huku. Mkato wa kwanza broka alivuna, akajenga nyumba. Sisi tukabaki kulitazama shamba la baba yako kama wapita njia. Iliniuma sana.

Sasa nisikilize. Deni la duka la unga limekwisha, na la chama vilevile. Limebaki la broka. Alikubali turudishe pesa za mkato wa pili kabla ya mwezi huu kuisha. Mwezi ukipita, analeta wakataji wake. Wiki jana ndugu yako Mukhwana alinipigia kuhusu sherehe ya kumkumbuka marehemu baba yenu.

"Shemeji, tuma tu ya ng'ombe ya makumbusho ya mzee. Huyo broka anaweza ngoja. Tukichinja kuku, watu watatuchekanga."

Nikamwambia, "Wacha wacheke, bora wamalize nyama kwanza." Akakata simu.

Nakujua, Baba Khasandi. Huwezi kumkatalia ndugu yako hata akiomba shati ulilovaa. Ndiyo maana pesa ya mwisho sikuituma kwako. Iko kwa mama, nikamwomba anyamaze mpaka usome hapa. Ukitaka kukasirika, kasirika. Kukuficha kumeninyima usingizi, ila sijuti. Dawa ya deni ni kulipa. Jumamosi nenda na mama kwa broka. Mkataba una sahihi yako, kwa hiyo ni wewe tu unayeweza kuufuta.

Kuanzia hapo mshahara wangu una njia tatu: karo ya Khasandi, tangi la maji, na mtamba mmoja. Ng'ombe wa makumbusho atatoka kwenye miwa yetu wenyewe ikikomaa. Mzee hakupenda kukopa. Tusimkumbuke kwa deni.

Nisalimie mama, mweka hazina wangu. Nasimiyu, mke wa Mukhwana, mwambie sina kinyongo na mumewe. Khasandi mwambie namuuliza jedwali la saba.

Na jambo la mwisho. Mama aliniambia kwamba siku broka alipovuna, ulikwenda mpaka kwenye mizani ya kiwanda pale Butali, ukaona tikiti ya uzito wa miwa ikiandikwa jina lake, ukarudi nyumbani. Hukuniambia, nami sikukuuliza. Miwa hii ikikatwa, usimtume mtu. Panda lori mwenyewe, usimame pale mizani, usubiri waite jina lako.

Ni mimi mkeo,
Nanjala