Acha Kanda, Imba kwa Koo Lako

Douarnenez,
4 Novemba 1986

Mpendwa mjukuu wangu Enora,

Hujambo huko Paris? Kifua kimepona? Unakula, au bado unakunywa kahawa na kuiita chakula? Mimi mzima. Goti linauma mvua ikikaribia, na hapa mvua haikosekani. Mjomba wako Goulven ameipaka mashua rangi mpya, mbaya.

Nilikuona kwenye televisheni Jumamosi. Gauni zuri, ingawa fupi. Lakini mwanangu, ulikuwa unachezesha midomo tu! Kanda inaimba, wewe unatafuna hewa. Kesho yake kwenye duka la mikate Mariannick akanitania mbele ya watu, "Soazig, mjukuu wako fundi, anaimba huku anameza mate!" Nikamwambia, "Na wewe unasema hata ukiwa huna la kusema." Wakacheka. Ila nilirudi nyumbani nimenuna.

Sasa mama yako ananiambia kwamba tangu sauti ilipokukatikia katikati ya wimbo kule Lyon, huyo meneja wako Ludovic anataka hata kwenye onyesho kubwa la Paris uimbiwe na kanda. Eti ukikatikiwa tena mbele ya watu wote wale, kazi yako ya uimbaji imekwisha. Na wewe umemjibu utafikiria. Unafikiria nini?

Sikusoma sana, ila koo nalijua. Kiwandani tuliimba tangu asubuhi tukipanga dagaa kwenye makopo, mashine zinanguruma, na bado bandarini walitusikia. Hiyo sauti yako ya kukwaruza, anayotaka Ludovic kuilainisha, umeitoa kwetu. Watu wananunua santuri zako kwa ajili yake. Magauni wanayo kwao.

Na sisi pumzi ilikuwa ikituishia, tena kila siku. Umesahau nilivyokufundisha jikoni? Mmoja anaimba, mwenzake anadaka maneno ya mwisho na kuendelea nayo, wimbo haukatiki. Kule Lyon ulikosa mtu wa kukupokea, basi.

Mwambie Ludovic kanda yake akasikilize mwenyewe nyumbani. Tiketi za treni nimekwisha kata. Nitafutie viti viwili vya mbele kabisa, maana Mariannick namleta ajionee.

Msalimie dada yako Rozenn, mwambie aandike, kalamu haina uzito. Mungu akulindie kifua na akutie akili.

Imba, mwanangu. Ukiishiwa pumzi nipo hapo chini, nitapokea, na Paris nzima itanisikia.

Ni mimi bibi yako nikupendaye hata nikigomba,
Soazig