Antena Niliyoisimika kwenye Njia ya Ng'ombe

Garsen,
Jumamosi alasiri

Dada yangu mpenzi Mwanaisha,

Salamu nyingi zikufikie hapo Changamwe. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia. Je, kifua cha Mama? Dawa anameza au bado anazificha chini ya mto?

Nilikwambia Mzee Komora, mwenye hoteli ya chai aliyenileta huku niwe fundi wake, amenunua televisheni. Basi tangu redio itangaze kwamba kile kituo kipya cha televisheni kinaanza leo saa moja jioni, na michezo ya kuigiza ya Kimarekani iliyosifiwa kila mahali, Garsen hakuna habari nyingine. Wakulima wa Kipokomo na vijana wa Kiorma wasiokunywa chai meza moja wakawa wanagombania viti vya mbele. Komora akaniambia, "Juma, picha isipoonekana, funga virago."

Hoteli imezungukwa na miembe, mawimbi hayapenyi. Nyuma yake nikaona ukanda mpana, mweupe, umeshuka hadi mtoni. Huku shamba, huku shamba, katikati hapana hata mche mmoja. Mimi mtoto wa mjini nikasema, ala, bahati iliyoje! Nikasimika mlingoti mrefu wa antena, nikaushikilia kwa waya nne, kila upande moja. Komora akaja, akatazama, akanyamaza.

Dada, lile ni malka, njia ya ng'ombe wa Waorma kushukia mtoni kunywa maji. Halilimwi, halijengwi, na hapa kila mtu anajua isipokuwa mimi.

Jana akaja Mzee Barisa, mwenye ng'ombe. Alinisalimia taratibu, akaulizia hadi hali ya Mama, nikaanza kuogopa. Kisha akasema, "Fundi, ng'ombe wetu wanafika kesho. Siku tatu hawajanywa. Wakisikia harufu ya maji hawatazami chini. Mmoja akivunjika mguu kwa waya yako, vijana sitaweza kuwazuia."

Nikamkimbilia Komora. Akacheka! "Ng'ombe wana macho. Acha waya zangu." Ndipo nikaelewa kwa nini alinyamaza: alitaka njia ile izibwe, mashamba ya Wapokomo wenzake yaungane, na lawama iwe yangu. Hasira iliyonipanda, wallahi, nilishindwa hata kula.

Leo adhuhuri vumbi likaonekana. Vijana wa mashambani wakauzunguka mlingoti na mapanga. Wa Kiorma wakatangulia mbele ya ng'ombe na fimbo zao. Kengele za ng'ombe zikazidi kusogea. Nikatoka na koleo. Komora akapiga kelele mlangoni, "Ukikata hizo, kazi huna!"

Unajua nilivyoihangaikia kazi hii. Niliogopa, Dada, sikufichi. Nikakata waya ya kwanza. Mmoja mwenye panga akanikamata shati. Nikamwambia, "Haya, nikate mimi basi, upate kutazama picha vizuri." Akanikodolea macho, kisha akaniachia. Nikakata zote, mlingoti ukaangukia kwenye mahindi, na ng'ombe wakapita mbio, nusura wanikanyage.

Hakuna aliyeumia. Kazi sina. Nguo zangu Komora alizitupa nje, nazo nimezikalia hapa stendi ninapoandika. Kesho naelekea Hola, nasikia wana redio mbovu nyingi na fundi hawana. Mama usimwambie habari za mapanga, mwambie nimehamishwa.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu wa Likoni, na yule mwalimu wangu wa ufundi. Mwambie waya nilizifunga vizuri sana, maana hata koleo lilitokwa jasho kuzikata.

Barua hii ikikufikia, mchezo wa kwanza utakuwa umeshautazama kwa jirani. Kama ulikuwa mzuri, tafadhali usinisimulie. Kama ulikuwa mbaya, niandikie upesi.

Mdogo wako mkaidi,
Juma